Mpira umerushwa kutoka ghorofani, hesabu ikatoa sekunde −1

*“Shikamoo mwalimu. Mimi niko kidato cha pili hapa Dar es Salaam, tunaishi kwenye ghorofa za Upanga. Tumepewa swali: mpira umerushwa wima kwenda juu kutoka kwenye roshani iliyo mita 15 juu ya ardhi, kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde. Utafika chini baada ya muda gani? Mlinganyo tuliopewa ni h = 15 + 10t − 5t², h ikiwa kimo na t muda. Nimepata majibu mawili, 3 na −1. Mwalimu kasema ‘hasi tupa’, akaendelea na swali lingine. Rafiki yangu ninayesoma naye alipata namba hasi ndani ya kipeuo (alama ya √), akaambiwa kakosea, lakini hajui wapi. Kingine, mpira ukifika juu kabisa si unasimama? Sasa kwa nini tunaendelea kutumia ile 10 ya mvutano? Halafu mchoro wa kitabuni umepinda wakati mpira umerushwa wima. Nikataka kuhakikisha mwenyewe: nikauachia mpira wa plastiki kutoka kwenye ngazi, kama mita 5 hivi, mdogo wangu akashika stopwochi ya simu. Hesabu inasema sekunde 1, sisi tukapata 1.3. Naanza kuona hizi hesabu ni za kukariri tu, hazihusu mpira wa kweli. Naomba unisaidie.”*

Marahaba, mwanangu.

Umeuliza mengi kwa mpigo, lakini nikiyaweka pamoja naona wasiwasi mmoja. Hesabu inakupa majibu ya ajabu, unaambiwa uyatupe, na ulipokwenda kuipima kwa mpira wa kweli ikagoma. Mtu akifika hapo, kukariri ndiyo njia inayobaki. Nataka nikutoe hapo. Ile −1 yako ni jibu sahihi, ila si la swali uliloulizwa. Namba hasi ya rafiki yako nayo ni jibu sahihi la swali lingine kabisa, ambalo aliliuliza bila kujua. Hata 1.3 yenu ina habari ndani yake. Mlinganyo hujibu ulichoandika, haujui ulichokusudia. Kwa hiyo jibu likija la ajabu, kabla ya kulifuta, liulize: wewe ni jibu la swali gani?

Tuanzie pale mlinganyo ulipotoka, maana ukipajua hapo mengine yote yanalainika.

Mpira ukishatoka mkononi, mkono hauusukumi tena. Wanafunzi wengi hulikubali hili kwa mdomo tu. Moyoni wanaamini mpira umebeba “nguvu ya mkono” inayopungua kidogo kidogo hadi iishe, ndipo uanze kuanguka. Sivyo. Mkono umeupa mpira kasi, basi, kazi yake imeishia hapo. Tukiiweka hewa pembeni kwanza, kitu pekee kinachoushughulikia mpira ukiwa juu ni dunia, nayo inauvuta chini kwa kiasi kilekile, uwe unapanda, uwe unashuka, uwe pale juu kabisa. Mvutano huo unabadilisha kasi ya mpira kwa mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Mabadiliko hayo ya kasi ndiyo tunayoyaita mchapuko.

Sasa funika fomula kwa mkono, tuhesabu sekunde moja moja. Katika sekunde ya kwanza mpira unaanza na kasi ya 10 kwenda juu na kumaliza na 0. Kwa kuwa kasi inapungua sawasawa, wastani wake ni 5, kwa hiyo umepanda mita 5: ulikuwa mita 15, sasa uko mita 20. Sekunde ya pili inaanza na 0 na kuisha na 10 kwenda chini, tuiandike −10. Wastani ni −5, mpira umeshuka mita 5, umerudi usawa wa roshani. Sekunde ya tatu inaanza na −10 na kuisha na −20. Wastani ni −15, umeshuka mita 15. Roshani iko mita 15 juu, kwa hiyo mpira umegusa ardhi. Sekunde 3, na hatujagusa kipeuo wala mabano.

Fomula inafanya kazi hiyohiyo kwa mkupuo mmoja. Baada ya sekunde t, kasi imekuwa 10 − 10t. Chukua kasi ya mwanzo, 10, ijumlishe na hiyo ya mwisho, gawa kwa mbili: wastani ni 10 − 5t. Zidisha wastani kwa muda, unapata 10t − 5t². Ongeza mita 15 za kuanzia na mlinganyo wa kitabuni huo hapo. Ile 5 inayowachanganya wengi ni nusu ya 10, na nusu imeingia kwa sababu tulitafuta wastani. Na mraba juu ya t umetoka wapi? Muda umefanya kazi mara mbili. Kwanza umeibadilisha kasi. Kisha, katika muda uleule, kasi hiyo iliyobadilika imebadilisha kimo. Muda mara muda. Kama dunia isingevuta, muda ungefanya kazi mara moja tu, mlinganyo ungeishia kwenye 15 + 10t, na mpira wako usingerudi.

Aliyelipata jambo hili kwa vipimo ni Galileo Galilei wa Italia, na namna alivyolipata inanifurahisha kila ninapoifundisha. Hakuwa na stopwochi ya simu kama mdogo wako. Kitu kinachoanguka moja kwa moja kilimshinda kukipima kwa jinsi kinavyokwenda haraka, kwa hiyo akakipunguzia mwendo: alibiringisha tufe la shaba kwenye mfereji laini uliochongwa katika ubao ulioinamishwa kidogo, na muda akaupata kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo wakati tufe linateremka. Akakuta umbali unafuata mraba wa muda. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1638, akiwa mzee. Kwa kitu kilichoachiwa tu bila kurushwa, maana yake ni kwamba sekunde ya kwanza kinashuka mita 5, ya pili 15, ya tatu 25, yaani moja, tatu, tano. Rudi kwenye hesabu yetu ya mpira unaposhuka kutoka kileleni: 5, kisha 15. Ni mpangilio uleule.

Haya, −1.

Ulichofanya kwenye daftari ni sahihi. Ardhini h ni 0; ukigawanya kote kwa 5 na kupanga upya unapata t² − 2t − 3 = 0, nayo ni (t − 3)(t + 1) = 0. Mwalimu wako pia hakukosea kusema uiache −1, kwa sababu sekunde moja kabla ya kurushwa mpira haukuwa safarini, ulikuwa mkononi. Ninachosikitikia ni kwamba mliiacha bila kuisikiliza.

Mlinganyo haujui habari za mkono. Hakuna mahali ulipoambiwa kwamba mpira ulikuwa umeshikwa. Unachojua ni kwamba saa iliposoma sifuri kulikuwa na mpira kwenye kimo cha mita 15, unapanda kwa kasi ya 10, na dunia inauvuta. Ukiuuliza “mpira huu uko ardhini saa ngapi?” unatazama mbele na nyuma, kisha unakujibu yote mawili. Mbele umeona sekunde 3. Nyuma umeona kwamba mpira unaopita kwenye roshani kwa kasi hiyo ungeweza kuwa umerushwa na mtu aliyesimama chini kabisa, sekunde moja kabla. Kwa kasi gani? Weka −1 kwenye 10 − 10t, unapata 20.

Usiniamini, hakikisha. Mtoto aliye chini uani anarusha mpira wima kwa kasi ya 20. Baada ya sekunde moja kasi imebaki 10. Wastani ni 15, kwa hiyo amefikisha mita 15, na mpira wake unapita mbele ya roshani yako ukiwa na 10 kwenda juu. Kama wewe unarusha wa kwako sekunde hiyohiyo, mipira hiyo miwili itapanda pamoja, itashuka pamoja na kugonga ardhi pamoja. Ukiitazama kuanzia hapo huwezi kutambua upi umetoka chini na upi umetoka kwako. Mlinganyo nao hauwezi, ndiyo maana unakupa −1.

Jibu hilo lina faida nyingine. Jumlisha 3 na −1, gawa kwa mbili, unapata 1. Hiyo ni sekunde ambayo mpira uko kileleni. Kupanda na kushuka ni safari zinazolingana pande mbili za kilele, kwa hiyo kilele huwa katikati ya majibu mawili, hata kama moja liko kabla ya saa sifuri. Ukiwa kwenye mtihani na umeshapata majibu yote mawili, umeshapata na muda wa kilele bila jasho la ziada.

Sasa nikuonye, kwa sababu “hasi tupa” imewaponza wanafunzi wengi. Usiifanye kuwa sheria. Unachoacha ni muda ulio nje ya safari ya mpira, na safari ya mpira huu inaanza t = 0 na kuisha t = 3. Kabla yake kuna mkono, baada yake kuna ardhi. Namba chanya nayo inaweza kuwa nje: weka t = 4 kwenye mlinganyo, utaambiwa mpira uko mita 25 chini ya ardhi ya Upanga, jambo ambalo halipo, ingawa 4 ni chanya kabisa. Na namba hasi inaweza kuwa jibu lenyewe. Kasi ya mpira unapogonga ardhi ni −20. Ukiitupa hiyo umetupa jibu. Ukiamua kupima kimo kutoka kwenye roshani, basi ardhi iko −15, na hiyo hasi ndiyo inayokueleza kwamba ardhi iko chini yako.

Hapo hapo ndipo rafiki yako alipoteleza, naona. Sijaliona daftari lake, lakini kosa hili ni la kawaida mno. Nadhani alianza kuhesabu kutoka kwenye roshani, akasema umbali hadi chini ni mita 15, akaandika 15 = 10t − 5t². Ukilipanga unapata t² − 2t + 3 = 0, na ndani ya kipeuo cha kanuni ya jumla, t = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a, inabaki 4 − 12, yaani −8. Kama ndivyo alivyoandika, kosa ni la alama moja, na mlinganyo ulimjibu vizuri. Alichouliza ni “mpira utafika lini mita 15 juu ya roshani?” Ukamjibu kwamba hautafika kamwe. Ni kweli, kwa sababu mpira unapanda mita 5 tu juu ya roshani. Angeandika −15 = 10t − 5t² angepata 3 na −1 kama wewe. Mwambie hivyo, atajisikia vizuri.

Kile kilicho ndani ya kipeuo kina sauti yake. Chukua jirani wa ghorofa ya juu yenu, dirisha lake liko mita 18.75 kutoka ardhini. Mpira unapita dirishani kwake lini? Mlinganyo unakuwa t² − 2t + 0.75 = 0, majibu ni 0.5 na 1.5. Majibu mawili, na safari hii yote mawili ni ya kweli: anauona unapanda, kisha anauona unashuka. Uliza kuhusu mita 20, ndani ya kipeuo unapata sifuri, jibu ni moja, sekunde 1, kwa sababu kileleni mpira unafika mara moja tu. Uliza kuhusu mita 21, unapata hasi: haufiki. Mara mbili, mara moja, haufiki. Mwanafunzi akishayaona haya kwenye mpira, kile kipeuo kinaacha kuwa kitu cha kuogopa.

Kuhusu mpira “kusimama” juu kabisa: unasimama kwa nukta moja ya wakati isiyo na upana, na mvutano haupumziki hata hapo. Tazama kasi ilivyo karibu na kilele. Kwenye sekunde 0.9 ni +1, kwenye sekunde 1 ni 0, kwenye sekunde 1.1 ni −1. Inateremka kwa hatua zilezile bila kusita, ikipita kwenye sifuri kama inavyopita kwenye namba nyingine yoyote. Kama mchapuko ungekuwa sifuri pale juu, kasi ingebaki sifuri, na mpira ungening'inia hewani mbele ya dirisha la jirani mpaka leo. Kasi na mchapuko ni vitu viwili. Kimoja kikiwa sifuri hakimlazimishi mwenzake.

Mchoro uliopinda ni rahisi zaidi. Ule si picha ya njia ya mpira. Soma mhimili wa chini: umeandikwa muda, haukuandikwa mita. Mtu aliyekaa ng'ambo ya barabara anauona mpira ukipanda na kushuka kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mchoro unasogea kulia kwa sababu saa inasogea. Mkanganyiko huu una sababu, kwa kuwa mpira uliopigwa kwa mshazari, kama golikipa anavyopiga pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, nao hupita njia yenye umbo hilohilo. Lakini hapo ni kwa sababu mwendo wa kwenda mbele hauguswi na mvutano: kila sekunde mpira unasonga mbele kiasi kilekile, kwa hiyo mita za uwanjani zinafanya kazi ya saa. Kimo chenyewe kinafuata mlinganyo uleule wa juu na chini, kana kwamba huo mwendo wa mbele haupo.

Sasa majaribio yenu, ambayo nimeyafurahia kuliko kitu kingine kwenye barua yako. Hesabu iliwaambia sekunde 1, mkapata 1.3. Mmepishana kwa mambo mawili, na yote naweza kuyaona kutoka hapa.

La kwanza ni kidole cha mdogo wako. Mtu akiona kitu ndipo abonyeze, kwa kawaida huchelewa kama theluthi au robo ya sekunde hivi, wengine chini kidogo ya hapo, na kuchelewa kwa mwanzo na kwa mwisho hakulingani kila mara. Kwa safari ya saa nzima hilo si kitu, lakini kwa safari ya sekunde moja ni sehemu kubwa ya jibu. La pili ni mpira wenyewe. Mpira wa plastiki wa dukani ni mkubwa na mwepesi, na hewa inaukinza sana. Mlinganyo wetu uliiweka hewa pembeni. Kadiri mpira unavyoongeza kasi ndivyo hewa inavyouzuia zaidi, kwa hiyo mchapuko haubaki 10 mpaka mwisho, unapungua. Kwa mpira wa namna hiyo, kushuka mita 5 kunaweza kuchelewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa sababu ya hewa peke yake. Kwa jiwe dogo au mpira wa tenisi tofauti ni ndogo mno. Ndiyo maana watu husema kizito huanguka haraka kuliko chepesi: wameona hewa ikifanya kazi wakadhani ni mvutano. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya pamoja akiwa mwezini, ambako hakuna hewa ya kuzuia, na vikatua pamoja.

Rudieni jaribio, ila tafadhali si kutoka ghorofani. Mpira wa kwenye swali lako unafika chini kwa mita 20 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 72 kwa saa. Magari kwenye maeneo ya makazi yanatakiwa yasizidi 50. Kitu kizito kikimpata mtu kichwani kwa kasi hiyo kinaweza kumuua, na Upanga watu wanapita chini ya majengo muda wote. Shukeni uani. Tafuteni mpira wa tenisi, urusheni wima na kuudaka mkono ukiwa kwenye kimo kilekile ulipouachia. Mwingine arekodi video. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, na zenye mwendo wa polepole hufika 120 au 240. Hesabuni picha tangu mpira uache mkono mpaka urudi mkononi, mgawanye kwa idadi ya picha kwa sekunde, na kidole cha mdogo wako kimeondoka kwenye hesabu. Muda mlioupata gawanyeni kwa mbili, huo ndio muda wa kushuka kutoka kileleni. Uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa 5, unapata kimo cha kilele juu ya mkono. Safari ya sekunde 1 ni mita 1.25. Safari ya sekunde 1.4 ni mita 2.45, karibu sawa kabisa na mwamba wa juu wa goli, ambao kisheria ni mita 2.44. Kama mna ukuta nyuma, wekeni alama kwa chaki kila nusu mita mlinganishe. Anayerekodi asimame mbali kidogo, kamera iwe karibu na kimo cha kilele. Akisimama karibu na kuielekeza juu, alama za ukutani zitamdanganya.

Na ile 10? Ni namba iliyokadiriwa ili hesabu iwe nyepesi. Thamani inayotumika sana ni 9.8. Kwa Dar es Salaam, ambayo iko karibu na ikweta, ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia hufika 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba kidogo katikati. Ukitumia 9.8 kwenye swali lako, mpira unafika chini kwa sekunde 3.05 badala ya 3. Kwenye mtihani tumia namba uliyopewa kwenye karatasi, usijitafutie nyingine.

Njia ipi utumie kutafuta majibu? Walimu hubishana, mimi nitakwambia ninavyoona. Kutafuta mabano ni haraka namba zikikubali, lakini mpira wa kweli hauna huruma, namba zake mara nyingi hazikubali, na nimeona wanafunzi wakipoteza dakika kumi wakitafuta mabano yasiyokuwepo. Kanuni ya jumla haikuangushi kamwe, ila ni rahisi kuitumia kama mashine bila kujua unafanya nini. Kukamilisha mraba ndiko ninakokupendelea kwa maswali ya kimo, ingawa wengi hawakupendi. Mlinganyo wako unakuwa h = 20 − 5(t − 1)². Usome tu: mraba hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo kila mara unaondoa kitu kutoka kwenye 20, isipokuwa t ikiwa 1. Kilele ni mita 20, sekunde ya 1, bila kuhesabu zaidi. Kwa mtihani, jifunze zote tatu na uanze na kanuni ya jumla kama mabano hayajaonekana ndani ya nusu dakika.

Wapo wanaokata safari vipande viwili, kupanda na kushuka, wakatafuta muda wa kila kimoja. Si kosa, kwa swali lako ni sekunde 1 kupanda na 2 kushuka. Ubaya wake ni kwamba kila kipande kinadai alama zake za hasi na chanya, na hapo ndipo watu huzichanganya. Chagua mahali sifuri ilipo na upande ulio chanya, andika uamuzi huo juu ya ukurasa kabla hujaandika mlinganyo, kisha usiubadilishe katikati. Mimi huweka sifuri ardhini na juu ni chanya.

Sasa, kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kukusaidia. Ukifanya maswali matatu ya namna hii na alama za hasi bado zinakukimbia, au ukishindwa kutoka t² − 2t − 3 hadi kwenye mabano, shida haiko kwenye mpira, iko kwenye aljebra ya nyuma. Hapo unahitaji mtu akae pembeni yako akutazame ukiandika, aone mstari unaopotelea. Mwendee mwalimu wa hisabati baada ya vipindi, na umpelekee kazi yako yote, pamoja na mistari uliyofuta. Kazi safi aliyoinakili mtu haimwonyeshi kitu. Kwa swali la mvutano kileleni nenda kwa mwalimu wa fizikia. Nenda na rafiki yako, na umwambie yeye ndiye aeleze mbele ya mwalimu kwa nini −8 yake ilitokea. Vitabu vya ziada vipo Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, si mbali na kwenu. Na mkirudia jaribio, niandikie mmetumia mpira gani, picha ngapi kwa sekunde, na kilele mlichokisoma ukutani, hata kama hakikulingana na hesabu.